Sare za Ghorofa ya Tatu

Ngazi za umeme za jengo la Sekar Arum zilikuwa hazijatembea tangu mwaka juzi, kwa hiyo Wartini alizipanda kwa miguu, furushi la sare amelifunga mgongoni kwa kitambaa na mfuko mwingine ameubeba mkononi. Vidato vya ngazi hizo ni virefu kuliko vya ngazi za kawaida, na mwanamke wa miaka hamsini na sita akifika ghorofa ya tatu, magoti yanamlalamikia. Alisimama, akavuta pumzi, akaangalia huku na huku. Ghorofa ile ilikuwa na fremu mia mbili na arobaini. Zilizofunguliwa asubuhi hiyo ya Jumamosi zilikuwa mbili: ya fundi saa, na ya bwana mmoja aliyeuza vifuniko vya simu ambazo hazitengenezwi tena.

Ya tatu ilikuwa yake, C 88, mita mbili kwa mbili. Humo ndani kilikuwamo kiinua mgongo chote cha mumewe Giman, miaka kumi na tisa ya kiwanda cha betri. Kwa sasa zilikuwamo pia sare za shule: sketi nyekundu za shule ya msingi, suruali za buluu za shule ya kati, za kijivu za sekondari ya juu, na mashati meupe ya kila kipimo. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki mbili. Katika mwaka mzima Wartini aliingiza hela wiki hizi mbili tu. Siku nyingine zote alikuwa anafagia. Mzigo huo aliununua kwa bangili zake mbili za mwisho.

"Watatu tu," Giman alikuwa amemwambia pale getini, bila hata kuzima pikipiki. Siku hizi aliendesha bodaboda. "Leo wapatikane watatu. Sikuombi kitu kingine."

"Ni wenzangu wa upatu wale, Pak," akasema, akimwita Pak, baba, kama waume wa huko wanavyoitwa.

"Na ulipochukua kiinua mgongo changu, mimi nilikuwa nani wako?"

Akavuta mafuta akaondoka. Giman hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Alikuwa na neno moja tu kama hilo kila asubuhi, na lilitosha siku nzima.

Kwenye mlango wa kukunja wa C 88 palikuwa pamebandikwa karatasi nyekundu: UMEME UMEKATWA. MALIMBIKIZO YA ADA YA HUDUMA. Wartini aliufungua mlango, akabonyeza swichi ya cherehani yake mara mbili, mara tatu. Kimya. Wakati bado ameinama, mama mmoja akatokea na binti yake. Alikuwa mteja wa kwanza kupanda huko tangu Jumanne.

"Unashona jina kwenye shati?"

"Nashona, mbona nashona! Ila umeme umekatika sasa hivi tu. Nitamshonea kwa mkono, Bu. Nusu saa," akasema, akimwita Bu kama kila mama huko anavyoitwa.

Yule mama akaangalia korido ndefu yenye giza, maji yanayodondoka darini kuingia kwenye ndoo, na milango iliyoshuka mstari mzima. Akamshika mwanawe mkono. "Ngoja tuzunguke kidogo, tutarudi," akasema. Wartini alishazoea sauti ya mtu anayesema atarudi.

Akateremka ofisini. Ofisi ya menejimenti ilikuwa chini, karibu na lango, na huko kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi vizuri sana. Pak Darsono, meneja wa jengo, alikuwa anakula mkate kwa kuuchovya kwenye kahawa. Hakumkaribisha kiti.

"Pak, mmenikatia umeme wiki mbili kabla ya shule. Si mngengoja niuze niwalipe?"

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo, Bu."

"Mwaka jana nililipa nusu."

"Nusu si ada. Ada ni ada." Akafuta vidole kwa karatasi. "Saa kumi leo tunafunga kufuli. Kila kilichomo ndani kinabaki kama dhamana. Na ujue, mzigo hautoki getini bila kibali chenye sahihi yangu, na sahihi yangu huipati mpaka deni liishe."

"Ada ya huduma gani, Pak? Ngazi hazitembei. Choo kimefungwa. Maji yanatoka darini, bombani hayatoki. Mnanihudumia nini?"

"Tunakulinda."

"Dhidi ya nani? Hakuna mtu!"

Pak Darsono akacheka kidogo, kwa pua. Hakuwa mtu mwenye roho ya kinyama. Alikuwa amejibu swali hilo mara nyingi mno mpaka limekwisha ladha. Akasukuma karatasi juu ya meza. "Una bahati una mlango wa kutokea. Mas Yogi, yule kaka wa mauzo, amekuombea. Ukimpelekea wanunuzi watatu wa Melati leo, wakilipa hela ya kushika nafasi, deni lako lote tunalifuta. Umeme unarudi saa hiyohiyo. Wenzako huko juu hawajapewa hata hiyo."

Melati lilikuwa jengo jipya, robo saa kutoka hapo. Lilijengwa na watu walewale kwa jina jingine, na lilikuwa linauzwa fremu mojamoja kama Sekar lilivyouzwa. Wartini aliyajua hayo. Juma lililopita alikuwa amekwisha kukubali. Saa tano wanawake saba wa upatu wake wangefika kwa basi dogo lililolipiwa na kampuni.

Akapanda tena kukunja mashati kwa mwanga wa simu, na hasira yake akaikunja humohumo. Siku aliyonunua C 88, miaka kumi na minne iliyopita, hakuwa amekwenda kununua. Kikundi chao cha kisomo cha Kurani kilialikwa kuangalia tu. Wakakalishwa kwenye viti vilivyovalishwa vitambaa, wakapewa wali wa kuku kwenye boksi, keki, na mwavuli mmoja mmoja. Sasa, kule kwao mtu hali chakula cha mwenyeji akajifuta mdomo akaondoka zake. Walipomaliza, kijana mwenye tai akapita na kalamu, ameinama kwa adabu, Bu huyu, Bu yule. Wartini akaona haya. Akaandika jina lake asije akaonekana mlafi, akijiambia kesho atajitoa. Kesho yake akaambiwa hela ya kushika nafasi hairudishwi. Akaona uchungu kuiacha ipotee, akalipa kianzio. Baada ya kianzio, kilichobaki kikawa kuokoa kianzio. Kijana mwenye tai alikuwa Yogi.

Kosa la pili alilifanya kila mwezi. Wenzake wa upatu walipokutana kuchomoa vikaratasi kwenye chupa, lazima mmoja aulize, "Fremu yako vipi, Bu War?" Naye alijibu, "Alhamdulillah, inakwenda." Angesemaje? Ulikuwa mtaa mmoja, kuta zinagusana, na Giman yuko sebuleni anasikia. Inakwenda. Alilisema miaka kumi na minne, na wenzake wakamwamini kwa kuwa hakuwahi kuchelewesha mchango wake hata siku moja.

Basi dogo lilifika saa tano na dakika kumi. Wa kwanza kushuka alikuwa Bu Lilik, mwenye duka la gesi, mwanamke wa sauti na manukato. Nyuma yake wifi yake, Tatik, ambaye hafanyi jambo ambalo Lilik hajalifanya. Wengine wanne hawakuwa na hela ya kununua hata mlango wa fremu. Walikuja kutembea na kula. Wa mwisho alikuwa Bu Endah. Mumewe, mwalimu, alikufa mwezi wa pili, na serikali ilikuwa imemlipa mafao. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

"Twende zetu, shoga!" Lilik akaita. "Mimi leo nataka fremu ya kona. Kona, sitaki mchezo!"

"Pandeni, pandeni, tutachelewa," Wartini akasema. Mdomo ulikuwa unafanya kazi peke yake.

Bu Endah hakupanda. "Bu War, si hapa ndipo ilipo ya kwako? Nataka niione kwanza."

"Ah, tutaiona tukirudi."

"Nina hela za marehemu humu," Endah akasema taratibu, akiugusa mkoba. "Wanangu hawataki. Nimewaambia, Bu War ananunua na kuuza miaka yote hii na sijamsikia analalamika. Mimi sijui biashara, nakujua wewe. Acha nione, roho itulie."

Laiti angemtukana. Wartini alitafuta uongo mwingine, mdogo tu, wa kumvusha mpaka kwenye basi, akaukosa. Akaona aibu iliyozidi aibu zote alizowahi kuona kwa ajili ya fremu ile. Akageuka, akatangulia.

Walipanda wote saba nyuma yake. Ghorofa ya kwanza walikuwa wanacheka. Ya pili, Tatik akauliza mbona kuna giza. Ya tatu zilisikika sandali tu. Fundi saa akainua kichwa kuona watu wengi namna ile, akasimama kabisa, akadhani ni msafara wa wakaguzi.

"Hii hapa," Wartini akasema. "C 88."

Bu Lilik akaangalia karatasi nyekundu. Akaisoma kwa sauti yote, mpaka neno la mwisho.

"Bu War. Wewe si ulisema inakwenda?"

"Nilidanganya."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Miaka miwili ya kwanza walinilipa kodi, wakaiita kodi ya uhakika, mpangaji awepo asiwepo. Nikafurahi. Kumbe bei ya fremu walikuwa wameshaipandisha tangu mwanzo, wakawa wananirudishia hela yangu mwenyewe kidogokidogo. Miaka miwili ilipoisha, na kodi ikaisha. Wapangaji hawakuwahi kuwepo. Hizi fremu zote mnazoziona zina wenyewe. Wamenunua watu kama sisi, wakangoja zipande bei wauze, na hakuna hata mmoja aliyekuja kufungua biashara. Mteja atapanda kufuata nini?"

"Ukatuita leo tukanunue kwa haohao?" Tatik akauliza.

Wartini akaitikia kwa kichwa. Mmoja wa wale wanne akavuta pumzi ya kusikika.

"Walikuahidi nini?" Lilik akamkaribia. "Sema. Sisi umetuuza kwa bei gani?"

"Kunifutia deni. Mkiwa watatu."

"Shetani mkubwa wewe! Na mbona sasa umetubadilikia? Umeona tutakuzidi, eh? Imekuumiza kwamba Lilik atapata fremu ya kona kwenye jengo zuri, wewe umebaki na hili kaburi lako?"

Maneno hayo yalimchoma, hasa kwa kuwa Lilik alikuwa anayaamini kweli. Kabla hajajibu wakasikia viatu vigumu vinapanda mbiombio. Mas Yogi akatokeza, jasho shingoni, tai imekaa palepale, maboksi mawili ya chakula mkononi. Nyuma yake alikuja mlinzi.

"Mama zangu jamani! Watu wanawasubiri kule na kuku anapoa, kumbe mko huku mnavuta vumbi!" Akamgeukia Wartini, akatabasamu kwa meno tu. "Bu War, mama yangu, vipi tena?"

"Wamekuja kuona."

"Ni haki yao." Yogi hakuyumba. Huo ndio ulikuwa ufundi wake. "Mama zangu, tuseme ukweli. Sekar limechoka. Lakini jengo haliui biashara, biashara inauliwa na mwenyewe. Bu War nampenda, lakini anauza sare. Sare! Wiki mbili kwa mwaka. Mtu mwenye akili ya biashara, kama Bu Lilik hapa mwenye duka la gesi linalojaa watu, huyo umpe fremu popote atatoka."

Lilik akanyoosha mgongo. Wartini aliona jinsi maneno yalivyomkaa, yametoshea kabisa.

"Muulizeni hati ya fremu ni ya miaka mingapi," Wartini akasema.

"Ishirini. Iko wazi, imeandikwa."

"Ishirini kuanzia lini?"

"Bu, hayo mambo ya wanasheria—"

"Kuanzia siku waliyopewa kiwanja! Mimi nilijua nimenunua miaka ishirini, kumbe minne ilishaliwa kabla hata jengo halijasimama. Nimebakiwa na miwili. Nikiilipa ada yote leo, baada ya miaka miwili fremu inarudi kwao. Melati kiwanja walikipata mwaka gani, Mas? Waambie."

Yogi akacheka, akampa Tatik boksi, na Tatik akalipokea. "Bu Lilik, zile za kona zimebaki mbili. Nimekushikia moja kwa jina langu. Ukikaa hapa nusu saa zaidi, siwezi kuahidi."

"Twende, Tatik," Lilik akasema. Alipompita Wartini akamwambia, "Upatu wa mwezi ujao usije kwangu." Wakashuka wawili, harufu ya manukato ikabaki nyuma.

Yogi akabaki. Akainamisha kichwa kwa adabu mbele ya Bu Endah, halafu akamnong'oneza Wartini, ila kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Hao wawili nimekuandikia wewe, pamoja na vituko vyako. Bado mmoja. Mmoja tu, Bu, na hiyo karatasi naibandua hapa kwa mkono wangu, unawasha cherehani. Usipompata, saa kumi ni kufuli. Sare za shule mwezi wa nane, shule zimeshafunguliwa, utamuuzia nani?"

Bu Endah alikuwa anamtazama Wartini. Hakumtazama kwa hasira, angalau hasira ingempa pa kushika. "Wewe unasemaje?" akauliza. "Nitakavyoambiwa na wewe ndivyo nitakavyofanya. Hata sasa."

Sitasema Wartini hakuwaza. Aliwaza bangili. Alimwaza Giman asubuhi ya kesho na neno lake moja. Aliwaza kwamba Endah ana watoto wakubwa, hatalala njaa. Aliwaza yote hayo, wala haikumchukua muda mrefu, kisha akamchukia Yogi kwa kumfikisha mahali pa kuwaza hivyo.

"Rudi nazo nyumbani," akasema. "Akikupigia simu usipokee. Akikuletea chakula usile."

Yogi akatazama saa yake. "Haya," akasema, na ile Bu ikawa imekwisha mdomoni mwake. Akamwambia mlinzi, "Mzigo usitoke," akashuka kuwawahi wenzake.

Wanawake watano na Wartini walibaki na mlinzi. Mmoja akasema kwa ukali kwamba bora angewaambia tangu mwaka ule wa kwanza. Dada yake naye alinunua fremu ghorofa ya pili kwa kusikia inakwenda, inakwenda. Wartini akasema ndiyo. Akakaa juu ya furushi, akalia kwa sauti ya chini, kwa hasira zaidi ya huzuni, akijifuta kwa shati jeupe la kipimo namba kumi na mbili, halafu akagundua, akalia zaidi kwa kuwa sasa shati lile halitauzika.

Bu Endah ndiye aliyeingia ndani ya fremu. Akatoa sketi nyekundu, akaipima kwa macho. "Hii ya darasa la pili bei gani?"

"Chukua tu."

"Nimekuuliza bei." Akafungua mkoba, akahesabu noti, akaziweka juu ya cherehani. Akachukua tano za nyekundu na mashati matano, akayatia kwenye mfuko wa plastiki, akamgeukia mlinzi. "Mteja naye anahitaji kibali?"

Mlinzi, mtu mzima mwenye tumbo, akakuna shingo. "Mteja... hapana. Kibali ni cha mzigo."

"Basi mimi ni mteja."

Akashuka. Wale wanne wakatazamana. Yule aliyekuwa amemkaripia Wartini ndiye aliyefuata, bado amenuna. "Nipe za kijivu," akasema. "Usidhani nimekusamehe." Akachukua mifuko miwili, akaahidi hela jioni.

Walipanda na kushuka ngazi zile zilizokufa mpaka miguu ikawatetemeka. Fundi saa akafunga meza yake akaja naye kununua suruali sita, yeye ambaye hakuwa na mtoto. Safari ya tatu mlinzi, ambaye alikuwa ameshashuka, akawasimamisha getini.

"Jamani, mnapeleka wapi vyote hivyo?"

"Tuna watoto wengi," Bu Endah akamjibu.

"Mara tatu?"

"Wamezaliwa wengine tukiwa juu."

Mlinzi akataka kukasirika, akashindwa, akageukia upande wa barabara akajifanya anaangalia magari. Labda alikuwa na watoto. Labda na yeye hakuwa amelipwa mwezi huo. Katika jengo lile hilo lilikuwa jambo la kawaida.

Saa kumi kasoro Pak Darsono alipopanda na kufuli, alikuta rafu tupu na cherehani. Cherehani hakuna aliyeweza kuiita nguo. Wartini aliomba aichukue, akiishika kwa mikono miwili. Pak Darsono akasema sahihi yake anajua inapopatikana. Akashusha mlango wa kukunja, akafunga, na akaandika kwenye daftari: C 88, dhamana, cherehani moja. Miaka kumi na tisa ya kiwanda cha betri ikabaki nyuma ya mlango huo. Wartini aliweka mkono juu ya bati, kisha akashuka.

Nje, pembeni ya lango, kwenye njia ya miguu juu ya mtaro, wenzake walikuwa wametandaza turubai walilolikopa kwa muuza supu. Nyekundu huku, buluu huku, kijivu kule. Na watu walikuwa wamesimama. Akina mama waliotoka kazini, akina baba wenye karatasi za vipimo mfukoni, watoto wanaolazimishwa kujaribu suruali juu ya suruali. Hao wote walikuwa wanapita hapo kila siku, Wartini akiwa ghorofani anawangojea. Hakupata nafasi ya kuliwaza hilo sana, kwa kuwa mtu alikuwa amemshika mkono anauliza kama kuna kipimo namba tisa.

Kabla hata nusu saa haijapita mlinzi akaja na kitabu cha risiti, macho chini. "Samahani, Bu. Hapa mbele napo ni pa jengo. Elfu kumi na tano kwa siku."

"Njia ya miguu?"

"Wanasema ni ya kwao."

Wartini akalipa. Risiti ilikuwa na muhuri uleule wa ofisi yenye kiyoyozi. Elfu kumi na tano. Akaitia kifuani na akataka kucheka, lakini kilichomtoka hakikuwa kicheko.

Saa kumi na moja basi dogo la kampuni likarudi. Tatik aliteremka na mwavuli mpya, akauficha nyuma ya mgongo alipowaona. Lilik akabaki ndani, anatazama kioo cha upande wa pili. Lakini basi lilikuwa limejaa na watu wengine pia, wageni, wanunuzi wa zamu ya jioni waliochukuliwa njiani, na Yogi alishuka na baadhi yao, akasimama ghafla mbele ya turubai. Akaona zile kelele, ule msongamano, hela zinapita mkono kwa mkono. Uso wake ukang'aa.

"Mnaona?" akawaambia wageni wake. "Hii ni saa kumi na moja tu. Eneo hili watu ni hawa, na Melati ni hapo nyuma tu. Tena hilo Sekar la zamani! Fikirieni jipya." Akatoa simu. "Ngoja niwapige picha, nitaituma kwenye kundi."

Wartini alisimama na sketi mkononi, akasahau bei aliyokuwa anaitaja. Alitaka kupiga kelele awaambie wale wageni, akajizuia. Alikuwa amesema sana siku hiyo, na wawili kati ya aliowaambia walikuwa wamerudi na miavuli.

Bu Endah ndiye aliyevuka turubai. Mkoba bado uko kwapani, akashika suruali moja ya kijivu, kubwa, ya kipimo cha kijana wa mwaka wa mwisho, akaifungua kwa mikono miwili mbele ya simu ya Yogi.

"Samahani, Bu, sogea kidogo."

"Hii nzuri," Endah akasema, kama anaikagua kwenye mwanga. "Au ina kasoro?"

Yogi akahama kulia. Endah naye akahama kulia na suruali yake. Yogi akacheka kwa ajili ya wageni, akahama kushoto, akainua simu juu ya kichwa. Yule mwanamke aliyekuwa hajasamehe akainuka na shati jeupe, akalikung'uta juu, vumbi likamwendea Yogi machoni.

"Nyie mama, hii ni sehemu ya jengo, nitaita mlinzi!"

Mlinzi alikuwa anaangalia magari.

Mmoja wa wageni, mzee mwenye kofia ya kisomo, akauliza, "Kuna nini hapa? Huyu mama anauza hapa nje, kwani ndani hapauziki?"

Yogi akafungua mdomo. Lakini mzee alikuwa ameshamgeukia Wartini, anangoja. Wartini akainua kidole kuelekea madirisha ya ghorofa ya tatu.

"Panda uone mwenyewe, Pak," akasema. "Nenda kwa miguu. Tutakungoja."

Mzee akatazama juu. Akamtazama Yogi, kisha akawakumbusha wenzake kwamba wana muda. Wawili kati yao wakamfuata hadi langoni. Wengine walikuwa wameshapewa maboksi ya chakula, wakabaki ndani ya basi wakila. Yogi akawakimbilia wale watatu, na simu bado iko hewani mkononi mwake. Wartini akamgeukia mteja wa ile sketi aliyoishika, akamwambia bei.